Naomba ushauri: kamera ndogo au kubwa kwa milima ya Gombe?

Wakuu, habari zenu. Niko Kigoma mjini, natumia Nikon D850. Kamera pekee ni takriban kilo 1, na lenzi yangu ndefu (ya kuvuta mbali) ya 70-200 f/2.8 inaongeza karibu kilo moja na nusu. Nimepata kazi ya kuwapiga picha sokwe katika hifadhi ya Gombe, na ile milima ni mikali kweli.

Naitamani kamera ndogo, Sony a6400, gramu 403 pamoja na betri. Ila sensa yake (kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga) ni milimita 23.5 kwa 15.6, wakati ya Nikon ni 35.9 kwa 23.9, na chini ya miti mwanga ni hafifu. Tena lenzi ndefu haipungui sana hata kamera ikiwa ndogo. Hilo ndilo linaloniumiza kichwa.

Mliopiga picha msituni kwa kamera ndogo, picha zinatoka na chengachenga? Na lenzi nzito inashikika?