Tunasomea uhakiki wa maigizo bila kupelekwa kutazama hata igizo moja, na ada ya ziara tumelipa

Makomredi na wapenzi wa jukwaa, nina hasira na sitaificha.

Niko mwaka wa tatu katika chuo kimoja huku magharibi mwa Kenya. Sikitaji, bado nina mitihani mbele. Shahada yetu ni ya sanaa za maonyesho, na mwaka huu ndio wa dramaturjia, yaani jinsi igizo linavyojengwa kutoka mswada hadi jukwaani, na uhakiki wa maigizo. Kila Septemba tunalipa ada ya ziara za mafunzo. Ipo kwenye risiti, ina mstari wake peke yake. Tangu tujiunge, basi la chuo halijawahi kutupeleka kutazama chochote. Ukumbi wa maigizo wa Nakuru Players hatujafika. Kituo cha Mama Grace Onyango hapa Kisumu, ambako matatu ni ya pesa kidogo tu, hatujafika. Nairobi ndiyo hata usiitaje. Tukiuliza, tunaambiwa bajeti ni finyu. Tukiuliza pesa zetu zilikwenda wapi, tunaambiwa tuandike barua. Barua tumeandika, zimekaa.

Ukumbi wetu wenyewe una taa za jukwaa ambazo sijawahi kuziona zikiwaka. Siku za wiki ni chumba cha mitihani, Jumapili ni kanisa.

Hayo tungeyavumilia kama darasani tungekuwa tunafundishwa kutazama. Hatufundishwi. Muhula uliopita tulipewa kazi: andika uhakiki wa onyesho. Tukauliza onyesho gani, tukajibiwa tuchague tamthilia yoyote tuliyosoma. Yaani uhakiki onyesho ambalo hukuliona! Mimi nikakataa moyoni. Nikapanda gari hadi Kakamega kwenye shule moja ya wasichana, ambako kundi la waigizaji wa vitabu teule, yaani vile vya mtihani wa sekondari, lilikuwa likiigiza tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Mnawajua hao, wanaozunguka shule kwa shule wakitoza kiingilio kidogo. Ukweli ni kwamba hilo ndilo jukwaa linalotazamwa na watu wengi zaidi huku kwetu, na hakuna anayeliandikia hata sentensi moja ya uhakiki.

Bwalo la chakula, mchana, madirisha wazi, hakuna pazia. Kundi lilikuwa na watu wachache, kwa hiyo mwigizaji mmoja aliigiza Yona, mumewe Sara, na huyo huyo akaigiza Bunju, mumewe Neema, ambaye ni binti ya Yona na Sara. Alibadilisha koti na kuondoa bakora, basi. Sasa fikirieni kinachotokea. Neema anabishana na mumewe kuhusu pesa za kumtibu mamake, na uso anaobishana nao ni wa babake. Arege hakuandika hivyo. Kitabuni hao ni wanaume wawili wa vizazi viwili. Lakini pale bwaloni, kwa sababu ya uhaba wa watu tu, lilizaliwa swali ambalo kurasa zenyewe haziulizi: je, Neema ametoka kweli katika nyumba ya wazazi wake, au amehamia nyingine kama hiyo? Na wasichana waliliona. Bwalo zima lilinyamaza, kisha kukatokea mnong'ono uliopita benchi hadi benchi. Hiyo ndiyo kazi ya mhakiki, kueleza mnong'ono ule ulitoka wapi.

Niliandika hayo yote. Nikaandika kuhusu mwanga wa dirishani uliokuwa ukimpiga Sara usoni katika sehemu za mwisho za igizo, nikaandika mahali ambapo mwelekezi alikata mazungumzo na ukataji huo ulichoharibu. Karatasi ikarudi na alama za chini na maneno haya kwa wino mwekundu: hakuna dhamira, hakuna sifa za wahusika, hakuna mbinu za lugha, umetoka nje ya mada. Wenzangu waliofupisha kitabu walipita vizuri.

Dhamira, wahusika, mbinu! Hiyo si ndiyo tuliyofanya kidato cha nne? Tumelipa karo ya chuo kikuu kurudia karatasi ya fasihi ya KCSE?

Kinachoniuma ni kwamba nadharia tunakaririshwa. Muulize yeyote darasani kwetu kuhusu Lessing, yule mhakiki wa maigizo wa Ujerumani, atakutajia Hamburg, 1767 hadi 1769, makala 104, bila kupumua. Hakuna aliyetuambia makala hayo yalianzaje. Huyu mtu aliajiriwa na jumba la maigizo, akaketi humo ndani, akawa anaandika kuhusu michezo iliyokuwa ikiigizwa mbele yake. Mwanzoni aliwahakiki hata waigizaji wenyewe, wakakasirika, ikabidi aache kuwagusa. Mtu anayemfundisha Lessing kwa fotokopi halafu anamnyima mwanafunzi alama kwa kumtaja mwigizaji, amefundisha nini?

Na kwa nini twende Ujerumani tu? Kamiriithu iko Limuru. Mwaka 1977 wanakijiji na wafanyakazi wa viwanda walijenga jukwaa lao la wazi, wakafanya mazoezi ya Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kikuyu, mbele ya kila aliyetaka kuja, na waliokuja walisahihisha. Walisema, mzee wa aina hii haongei hivi. Wimbo huu huimbwa vile. Mswada wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii ukabadilika mikononi mwao. Hiyo ni dramaturjia, imefanywa na watu ambao hawakuhitaji shahada kuifanya. Serikali ililielewa onyesho lile kuliko idara yetu inavyolielewa: ilifuta kibali chake mwaka huo huo, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwezi wa Desemba bila kufunguliwa mashtaka, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Kwetu ni aya moja kwenye noti, chini ya kichwa "Historia".

Nakuru ndiyo iliyonimaliza. Aprili 2025 tamasha la kitaifa la drama la shule lilikuwa kule. Shule ya wasichana ya Butere ilikuwa na igizo la Echoes of War. Mahakama Kuu ilikuwa imeagiza waruhusiwe kuigiza. Mwandishi, Cleophas Malala, aliyekuwa seneta wa Kakamega, akakamatwa. Polisi wakarusha vitoa machozi. Tarehe 10 wasichana wakaingia, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Shule ni hiyo hiyo na mwandishi ni huyo huyo wa Shackles of Doom, iliyopigwa marufuku mwaka 2013 hadi mahakama ikaingilia kati.

Nataka mnijibu: kuna darasa gani la uhakiki wa maigizo duniani ambalo lingepita hapo kimya? Wimbo wa taifa ulioimbwa mahali pa igizo, je, nao si onyesho? Hadhira yake ilikuwa nani, waliokuwamo ukumbini au nchi nzima iliyoona video kwenye simu? Igizo lililozuiwa unalihakiki vipi, kwa mswada, kwa mazoezi, au kwa woga wa waliolizuia? Mwenzetu mmoja kutoka Butere aliomba aandike tasnifu kuhusu igizo hilo. Akaambiwa hiyo ni siasa, atafute mada ya kitaaluma. Sasa anaandika kuhusu matumizi ya methali.

Wahadhiri wetu nawaheshimu. Wengine ni vibarua wanaolipwa kwa kuchelewa na kufundisha vyuo viwili, najua. Lakini aliyepitisha mtaala huu na anayekusanya ada ile si vibarua.

Barua ya pamoja kwa mkuu wa kitivo iko kwa mwakilishi wa darasa, tieni sahihi kabla ya Ijumaa. Tunataka ada ya ziara irudishwe au basi litoke muhula huu. Tunataka kazi ya uhakiki iwe ya onyesho lililotazamwa, hata kama ni la bwaloni. Tunataka tupelekwe kuketi nyuma ya waamuzi wa tamasha la drama kuanzia ngazi ya kaunti, maana pale angalau mtu mzima husimama na kumwambia mwelekezi kilichofaulu na kilichoanguka. Na mada ya tasnifu isikataliwe kwa sababu inagusa serikali.

Mliosomea fani hii vyuo vingine, Eldoret, Nairobi, hata Dar es Salaam: ninyi mlipelekwa kutazama nini, na mlichoandika kilisahihishwa kwa vigezo gani? Wekeni hapa, tutaambatanisha na barua.