Mrejesho: siti ya baiskeli ya umeme

Salaam aleikum ndugu zangu, mimi ndo yule nilouliza mwezi jana nibadilishe siti gani, maana kila nikitoka Bamburi hadi mjini nikifika daraja la Nyali matako yashakufa ganzi. Shukran sana nyote mlonijibu.

Kwanza niliharakisha nikanunua ile nene ya jeli, dukani ukiibonyeza kwa kidole laini kama mkate wa mofa wa moto, kumbe ukiikalia mwendo mrefu unazama inakubana katikati, ganzi ikazidi. Pesa hiyo imeenda.

Ndo nikamfuata yule alosema nipime mifupa ya kukalia. Nikakalia kipande cha boksi pale kwenye ngazi, nikainua magoti kidogo, yakabaki mashimo mawili, kutoka katikati ya moja hadi ya pili sentimita 13. Nikaongeza 3 kupata upana wa siti, kwa sababu hii baiskeli unakaa wima na mota inakusaidia, miguu haikanyagi kwa nguvu basi uzito wote unaishia kwenye siti. Nikapata ya sponji ngumu kiasi, ina mfereji katikati, fundi wa Mwembe Tayari akaifunga na pima maji ilale sawa, ile ya zamani pua ilikuwa imeinuka. Wiki ya tatu hii, ganzi hakuna kabisa alhamdulillah.

Ile nguzo ya springi, yaani bomba la kushikia siti linalopunguza mitikisiko, ndo imenishinda, unene wa yangu ni milimita 31.6 na niliyoletewa 27.2, inacheza ndani, kwa hivyo kwenye matuta bado nainuka. Angalieni namba iloandikwa chini ya nguzo kabla hamjalipa.