Safari ya baiskeli Milima ya Alpi kuchangia nyumba ya wajawazito: naomba ushauri wenu

Mwalimu wa Makorora ameuliza:

Assalamu alaikum, na habari za jioni kwenu nyote.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, nina umri wa miaka 41, na kwa miaka 18 sasa naenda kazini na kurudi kwa baiskeli, mbali ya safari za Jumamosi ambapo mimi na wenzangu hushika njia ya Muheza au ya Pangani. Mwaka jana mdogo wangu wa kike, aliyeolewa katika kijiji kimoja cha milimani huko Usambara, alishikwa na uchungu usiku wa manane, akapakiwa kwenye bodaboda ateremshwe hospitali, na mtoto akazaliwa njiani, kando ya migomba, kwa mwanga wa simu ya dereva. Mama na mwana wamesalimika, alhamdulillahi. Baada ya hapo wazee wa kijiji walitenga kiwanja karibu na kituo cha afya ili ijengwe nyumba ambamo wajawazito wanaotoka mbali watakaa wiki mbili tatu za mwisho wakisubiri siku zao, na marafiki wa kituo hicho walioko Ufaransa wameandaa safari ya baiskeli ya kuchangisha fedha za ujenzi, wakanialika niwe miongoni mwa washiriki.

Safari yenyewe ni ya mwanzoni mwa Julai. Itaanzia Thonon-les-Bains, penye Ziwa Geneva, na kuishia Nice, pwani ya Bahari ya Mediterania, takriban kilomita 700 kwa siku saba, na kwa jumla tutapanda zaidi ya mita 16,000. Tutapita Iseran, ambako barabara hufika mita 2,764 juu ya usawa wa bahari, kisha Galibier yenye mita 2,642 na Izoard yenye mita 2,360. Baiskeli nitakodishiwa hukohuko.

Naomba anayejua anieleze kwa dhati: je, mtu aliyezoea tambarare na joto la pwani anaweza kuimudu safari ya namna hii kwa mazoezi ya miezi saba? Halafu lipo suala la michango, ambalo linanisumbua zaidi. Walimu wenzangu wamependekeza kwamba kila mtu aahidi kiasi fulani kwa kila mlima nitakaoumaliza, ili watu wavutike kufuatilia. Wengine wananiuliza kama nauli yangu itatoka katika michango hiyo. Nisingependa kuanza jambo la heri kwa mguu mbaya.

Binti Sahare amejibu:

Wa alaikumu ssalamu, Mwalimu, na hongera kwa mdogo wako.

Niliishi kusini mwa Ufaransa miaka minne nikifanya kazi ya jikoni, na siku zangu za mapumziko nilikuwa napanda milima hiyo kwa baiskeli pamoja na wanawake wenzangu wa kazini. Jibu langu ni kwamba utaweza, ila ufahamu kwamba kupanda mlima wa kule hakufanani na kupambana na upepo wa kusi katika barabara ya Pangani. Ukitokea Saint-Michel-de-Maurienne kwenda Galibier, kwanza unapanda kilomita 12 hadi Télégraphe, unateremka kidogo hadi mji wa Valloire, kisha unaanza upya kilomita 18 nyingine zinazokupandisha zaidi ya mita 1,200. Katika hizo 18 hakuna mahali pa kuacha kukanyaga pedali. Anayeanza kwa kasi ya kuwafuata wenziwe huishiwa nguvu kabla ya nusu ya njia, kwa hiyo anza polepole kiasi kwamba unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi, na usiongeze mwendo hata ukijiona una nguvu. Kule juu kabisa kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban robo kuliko hapa Tanga, na mtu aliyekulia usawa wa bahari huihisi hiyo robo kifuani.

Ninalotaka ulishike zaidi, hata hivyo, ni kushuka. Sisi wa pwani tunaogopa kupanda, na kumbe kunakotuumiza ni kushuka. Unafika kileleni umelowa jasho, kuna baridi, maana joto hupungua kwa nyuzi sita hivi kila unapopanda mita 1,000, halafu unaanza kuteremka kwa kasi ya gari kwa zaidi ya nusu saa bila kukanyaga pedali hata mara moja, na upepo unapita ndani ya nguo iliyolowa. Mara ya kwanza niliteremka Galibier mwezi wa saba, theluji ikiwa bado imelala kando ya barabara, na nilipofika kona ya nne au ya tano vidole vyangu havikuweza tena kuvuta breki. Nilisimama, nikaiegemeza baiskeli ukutani, nikaweka mikono makwapani nikilia kwa maumivu. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa akipanda alisimama akanivua glovu, akanisugua vidole kimoja kimoja mpaka damu ikarudi. Tangu siku ile sikupanda mlima bila glovu nzito, koti la kuzuia upepo na leso kavu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Nikifika juu nilikuwa najifuta, kisha naikunja leso na kuivaa kifuani chini ya koti. Waendesha baiskeli wa zamani wa kule walikuwa wanatumia gazeti kwa kazi hiyohiyo, na linafaa kweli.

Jambo jingine ni kwamba Ufaransa watu hupita kulia. Kwenye tambarare utazoea siku moja, lakini ukitoka kwenye kona kali umechoka, kichwa kinakurudisha kushoto kama nyumbani, nako ndiko gari linakotokea. Kila kona, jiambie kwa sauti: kulia. Usione haya.

Fundi wa Ngamiani amejibu:

Salaam, Mwalimu. Mimi naongezea upande wa chombo.

Waandikie hao wanaokukodishia uwaulize meno ya gia ya mwisho kabisa, ile nyepesi. Waombe wakupe ambayo meno ya mbele na ya nyuma yanalingana, kwa mfano 34 kwa 34, ili pedali ikizunguka mara moja gurudumu nalo lizunguke mara moja tu. Vijana watakwambia hiyo ni gia ya wazee. Ichukue. Katika safari ya siku saba magoti hayalipwi, na goti likishavimba siku ya pili, siku tano zilizobaki utazitazama kupitia dirisha la gari.

La pili ni breki. Baiskeli nyingi za Ulaya bara breki ya mbele iko mkono wa kushoto, ilhali baiskeli nyingi za hapa kwetu breki ya mbele iko kulia. Ukikodi, kabla hujatoka uwanjani, zijaribu moja moja mwendo ukiwa mdogo, na ukiona mkono wako hauzoei, mwambie fundi wa kule akubadilishie. Si kazi kubwa.

La tatu ni mazoezi ya kutumia hizo breki. Nimewahi kupokea baiskeli ya kijana aliyeteremka Lushoto hadi Mombo akiwa ameshika breki muda wote bila kuachia. Raba za breki zilikuwa zimelika hadi chuma, rimu imechubuka mstari mzima, na tairi la nyuma lilipasuka kwa joto la rimu karibu na Soni, Mungu akamnusuru. Breki huvutwa kwa nguvu kabla ya kona, kisha huachiwa ipate kupoa. Kona unaingia mwendo ukiwa umeshapungua, macho yakiwa mahali unapotaka kutokea. Jambo hili halifundishiki kwa maandishi. Nenda Mombo.

Mhasibu Mstaafu amejibu:

Mwalimu, nakupongeza kwa moyo wako. Nimekuwa mweka hazina wa kamati nyingi za harusi na misiba hapa mjini, na ninayokueleza nimeyaona.

Kuhusu nauli, nakusihi isitoke hata senti moja katika michango. Viza ya kuingia huko ni euro 90 kwa mtu mzima, bado bima, tiketi ya ndege, nguo za baridi na ukodi wa baiskeli. Ni fedha nyingi, na mchangiaji ana haki ya kuuliza kwa nini zisipelekwe moja kwa moja zikanunue saruji na mabati. Swali hilo halina ubaya, wala usimkasirikie atakayeliuliza. Jibu lake moja tu litakalosimama ni kwamba gharama zako umezilipa mwenyewe, kutoka mfukoni mwako au kwa mtu aliyekupa akijua kuwa anakusafirisha wewe. Kwa hiyo weka namba mbili za simu tofauti, daftari mbili tofauti, na fedha za ujenzi zisipite mikononi mwako kabisa. Ziende kwenye akaunti ya kamati ya kijiji yenye watia saini watatu. Kila Ijumaa ubandike orodha ya waliotoa na kiasi walichotoa, kama tunavyofanya kwenye makundi ya michango ya harusi, ili aliyetuma elfu tano aione elfu tano yake.

Kuhusu ahadi za kulipa kwa kila mlima utakaoumaliza, hapo natofautiana na walimu wenzako. Najua inavutia. Lakini fikiri upo njiani kwenda Iseran, kichwa kinauma, mvua ya barafu inakupiga, na mwenyeji anakwambia panda gari. Unajua kwamba ukipanda gari, nyumba ya wale akina mama inapoteza matofali kadhaa. Mtu mwenye uchungu kama ulio nao wewe hatapanda gari. Ataendelea, na huko ndiko anakoangukia. Usikubali afya yako iwe rehani ya mchango. Waombe watu watoe kwa ajili ya nyumba, watoe kabla hujaondoka, na kiasi kiwe kilekile umalize milima yote au uumalize mmoja.

Binti Sahare amejibu:

Mzee wangu Mhasibu, shikamoo. Umesema jambo ambalo mimi niliyepanda milima ile sikulifikiria, na nakubaliana nawe kabisa. Kule juu, uwezo wa kusema "leo basi" ndio unaomrudisha mtu nyumbani.

Mwalimu, naongeza machache kuhusu karatasi. Ombi la viza hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisichelewe kuvuka siku 15 kabla. Wewe usisubiri, kwa sababu Julai ni msimu wa watalii na nafasi za kuwasilisha maombi hujaa. Bima ni lazima igharamie matibabu na kurudishwa nyumbani kwa kiwango kisichopungua euro 30,000. Soma yale maandishi madogo ya bima yako, maana nyingine huondoa michezo, na kushuka milima kwa baiskeli kunaweza kuhesabiwa hivyo. Mwenyeji akuandikie barua ya mwaliko yenye tarehe na mahali mtakapolala kila usiku, nawe upate barua ya ruhusa kutoka kwa mkuu wako wa shule.

Mwalimu wa Makorora amejibu:

Nawashukuru sana. Mzee Mhasibu na Mzee Fundi, shikamooni. Dada, ahsante, habari ya vidole vyako nimemsomea mke wangu, naye ameshaanza kunitafutia glovu mitumbani.

Jana jioni nilikaa na walimu wenzangu, nikawasomea maneno ya Mzee Mhasibu kuhusu Iseran. Mwalimu wa hisabati, ambaye ndiye aliyekuwa na wazo la ahadi kwa kila mlima, alikaa kimya kidogo, kisha akasema angekuwa yeye asingepanda gari. Wazo hilo tumeliacha. Kila mmoja atatoa anachotoa kabla ya mwezi wa sita, na fedha zitakwenda moja kwa moja kwa kamati ya kijiji. Nauli ni akiba yangu na ya mke wangu, ambayo tulikuwa tumeiweka kwa ajili ya kuezeka upya. Paa letu litavumilia masika moja zaidi.

Kuhusu mazoezi, nimepiga hesabu kidogo. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33, na barabara inapanda takriban mita 1,000. Safari ya kule itahitaji wastani wa karibu mita 2,300 kwa siku, yaani Mombo hadi Lushoto mara mbili na ziada, siku saba mfululizo, na kwa mwinuko mkali zaidi. Kwa hiyo nimepanga kwenda Mombo kila wiki ya pili, nianze kwa kupanda mara moja, na kufikia mwezi wa tano niwe napanda mara mbili Jumamosi na mara mbili Jumapili. Wakati wa Ramadhani nitafanya mazoezi mepesi mjini baada ya tarawehe.

Mzee Fundi, nina ombi moja. Baiskeli yangu ina raba za breki za tangu mwaka juzi, na jana niliziangalia kwa tochi nikaona ile mifereji yake imefutika kabisa. Je, nikikuletea Alhamisi baada ya saa za shule, itakuwa tayari kwa basi la Ijumaa?

Fundi wa Ngamiani amejibu:

Ilete Jumatano. Nataka kuona na waya zake pia.