Nyumba ya vyumba vitatu Arusha: mpangaji wa mwaka au wageni wa Airbnb?

Mto_Themi
Salaam wakuu. Nina nyumba ya vyumba vitatu Arusha, rangi imekauka juzi tu. Dalali kaniletea mtu anayetaka kukaa mwaka mzima, laki saba kwa mwezi, miezi sita analipa mbele. Anataka jibu Jumapili. Shemeji yangu naye ananiambia niache ushamba, nitie samani niiweke Airbnb, ile programu ya kupangisha wageni wa siku chache, AFCON 2027 inakuja na Arusha watacheza. Mimi nipo Dodoma kikazi. Nichukue ipi?

Kibatari
Arusha ipi mkuu? Njiro, Sakina, Moshono au huko Muriet ndani? Ina uzio? Maji ya bomba au kisima? Ufunguo atashika nani wewe ukiwa Dodoma? Mnaleta mada nusu nusu halafu mnataka jibu zima.

DalaliMstaafu
Chukua mpangaji. Milioni 4.2 mkononi kwa mkupuo, umeme wa LUKU analipa yeye, taka anatoa yeye. Hayo mengine ni kujitafutia presha.

MamaMashuka
Dalali atasema nini kingine? Kodi ya mwezi mmoja ya dalali inamsubiri palepale.

DalaliMstaafu
Nimestaafu mama, soma jina.

Mto_Themi
Samahani wakuu. Ni Olasiti, ukiwa barabara ya mchepuo uwanja mpya wa AFCON unauona. Uzio na geti vipo. Maji navuta kisima cha jirani, kuna tenki la lita 2,000. Ndani hakuna hata kijiko.

Mzee_wa_Kisongo
Sasa tunaongea. Mimi nalaza wageni upande huu, nikupe hesabu badala ya ndoto.

Wageni wetu wengi ni wa safari. Analala usiku mmoja, asubuhi gari la kampuni linamchukua kwenda Tarangire au Ngorongoro, au anakimbilia uwanja mdogo wa ndege hapa Kisongo apande ndege ya Seronera, Serengeti. Olasiti ni karibu na uwanja huo, hiyo ni faida yako ya kweli kuliko mpira. Lakini usiku mmoja mmoja maana yake kila siku mashuka, kila siku usafi.

Tuseme unatoza elfu 90 na unapata usiku 12 kwa mwezi. Hiyo ni 1,080,000. Airbnb kwa mwenyeji wa kawaida wanakata kama asilimia 3, toa 32,400. Usafi mara sita, tukisema kwa bahati kila mgeni kalala siku mbili, kwa elfu 15, toa 90,000. LUKU laki moja, intaneti elfu 70, kijana wa kutunza laki na nusu. Unabaki na 637,600. Mpangaji anakupa laki saba umelala. Ukifika usiku 13 ndio unampita kidogo, na hapo hatujagusa vitanda, friji, jiko na makochi.

Ukimkabidhi meneja anayekata asilimia 20 ya mapato, toa nyingine 216,000 hapo. Piga hesabu mwenyewe.

Juni hadi Oktoba usiku 12 unaupita bila jasho. Aprili na Mei, mvua ikishika, unaweza kukaa na nyumba tupu ukimlipa kijana afukuze popo.

Nyali_Kwetu
Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu mafleti yamejaa, kila mtu ana nyumba ya wageni. Wanaopona ni wale walioacha kutegemea programu peke yake. Mgeni akija mara ya kwanza kupitia Airbnb, mara ya pili anakupigia mwenyewe na anatuma M-Pesa. Wetu wengi ni watu wa Nairobi, Desemba na likizo za shule. Nyinyi huko mna wageni wa ndani?

Mzee_wa_Kisongo
Tunao. Arusha haina wazungu tu. Kuna wa kituo cha mikutano cha AICC, wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mashahidi na mawakili wa ile Mahakama ya Afrika. Hao wanakaa wiki na hawana fujo. Ila wanauliza risiti, kwa hiyo leseni ya biashara na mambo ya kodi ya TRA viwe sawa kabla hujaanza kujitangaza. Hata huyo mpangaji wako, kama anayelipa ni kampuni, atakukata asilimia 10 ya kodi ya zuio aipeleke TRA. Muulize kabla hujaihesabia hiyo 4.2 yote.

Kibatari
Mengine kajibu, ufunguo ndio bado sijajibiwa. Mto_Themi, nani atashika ufunguo? Nakuuliza kwa sababu yamenikuta.

Nilikuwa na nyumba Moshono, mimi nipo Mwanza. Nikaweka kijana, mtaratibu, anaswali, mama yake namfahamu. Miezi ya mwanzo safi kabisa. Ikaja Mei, kalenda tupu, hakuna mgeni hata mmoja. Kijana ananiambia LUKU imeisha. Natuma. Wiki haijaisha, imeisha tena. Namuuliza, nyumba haina mtu umeme unakwenda wapi? Ananiambia friji, bosi, friji hii inakula sana. Nikaita fundi aangalie friji, fundi akasema friji nzima. Nikatuma umeme.

Juni akaja Mjerumani na mkewe. Wakaondoka, wakaandika tathmini: nyumba safi, kitanda kizuri, ila saa sita usiku mtu aligonga geti akauliza kwa adabu chumba cha kukodi kwa muda wa saa mbili ni shilingi ngapi. Nyota tatu. Na mimi wakati huo nilikuwa na tathmini chache, wastani ukaporomoka na ile beji ya mwenyeji bora, inayotaka 4.8, nikaisikia kwenye bomba.

Nikapanda basi bila kumwambia. Namkuta mjumbe wa mtaa ananipongeza, eti "hongera, gesti yako inachangamsha mtaa." Mtaa mzima unajua mimi nina gesti, asiyejua ni mwenye gesti. Magodoro mawili nilitupa. Kijana alishaondoka kabla sijafika, nadhani mjumbe huyohuyo alimpigia.

Kwa hiyo mkuu, achana na AFCON kwanza. Nani anashika ufunguo?

MamaMashuka
Nimecheka mpaka machozi, pole sana. Lakini dawa ipo, kitasa cha namba, kila mgeni namba yake na ikiisha siku zake inakufa. Na kamera.

Mzee_wa_Kisongo
Kamera getini tu, na uitaje kwenye tangazo. Za ndani Airbnb walizipiga marufuku tangu Aprili 2024, hata sebuleni.

Fundi_Bomba
Hakuna aliyegusa maji ya moto? Arusha Juni na Julai ni baridi, mgeni akioga ya baridi umekwisha. Hizi hita za bombani za umeme ndizo zinazomaliza LUKU kuliko friji yoyote. Weka sola ya kuchemshia maji juu ya paa, utanishukuru.

Kibatari
Sola Julai Arusha, na wingu lile? Mgeni anaamka saa kumi na moja kuwahi gari la safari, jua lipo wapi?

Fundi_Bomba
Tenki lake linahifadhi moto mkuu, na lina kipande cha umeme cha akiba. Uliza waliofunga.

Kibatari
Nimeuliza. Wamefunga, na wanachemsha maji kwenye sufuria.

MamaMashuka
Wanaume mnapigania bomba, mashuka mmesahau. Nunua meupe tu. Meupe yanafuliwa na jiki, doa linatoka, mgeni akiona meupe anaamini. Mnunue seti tatu kwa kila kitanda: moja kitandani, moja kwenye kamba, moja kabatini.

Nyali_Kwetu
Meupe na vumbi jekundu? Huku tunaweka ya kijivu.

MamaMashuka
Ya kijivu ni ya kuficha, na mgeni anajua ni ya kuficha. Jambo jingine Mto_Themi, hayo maji ya kisima usimwache mgeni ayanywe. Visima vingi vya Arusha vina floraidi nyingi, meno yetu ni mashahidi. Weka dumu la maji ya kunywa jikoni na uandike kabisa kwenye maelezo ya nyumba.

DalaliMstaafu
Yaani mashuka seti tisa, kitasa cha namba, kamera, sola, dumu la maji. Mimi nilisema mpangaji.

Mto_Themi
Wakuu asanteni sana, nasoma yote. Ufunguo nilitaka ashike mdogo wangu, anaishi humohumo kwenye chumba cha uani. Nilisahau kusema, nyumba ni ya marehemu mzee, tupo wanne. Dada yupo Moshi, yeye anataka iuzwe.

Kibatari
Ulisahau?!

Mzee_wa_Kisongo
Kijana, hiyo ndiyo ilipaswa kuwa sentensi ya kwanza. Msimamizi wa mirathi ameteuliwa mahakamani? Kama bado, wewe huna cha kusaini na mpangaji wala cha kutangaza Airbnb. Mkataba wa mwaka mmoja dada anaweza kuvumilia. Milioni kadhaa za makochi kwenye nyumba ambayo dada anataka kuuza, hapana. Nani anazitoa hizo, wewe peke yako au wote wanne?

DalaliMstaafu
Na kama mnauza, mimi hapa.

MamaMashuka
Si umestaafu?

Mto_Themi
Fomu za mirathi tulipeleka Mahakama ya Mwanzo, tunasubiri. Samani ningetoa mimi. Dalali kapiga sasa hivi, mpangaji anaongeza elfu hamsini, ila anataka mdogo wangu atoke uani.

Nyali_Kwetu
Huyo mdogo wako anasemaje?

Mto_Themi
Bado sijamwambia.

Mwana_Usa
Habari wakuu, samahani kuingilia mada. Mimi nina chumba kimoja na choo cha ndani Usa River, njia ya kwenda uwanja wa ndege wa KIA. Naweza kulaza wageni wa ndege za usiku au ni kidogo mno? Na Fundi_Bomba, ile sola ya lita 150 kwa sasa ni bei gani na kufunga?

Fundi_Bomba
Njoo faragha mkuu. Usimsikilize Kibatari.