Tupeane uzoefu: jumuiya yenu ya programu huria ilichaguaje chombo cha kutunzia nyaraka?

Mwanzisha mada, Tudor
Ndugu zangu, jana usiku kijana mgeni aliuliza katika kundi letu namna ya kusakinisha programu yetu ya maktaba za shule, akajibiwa na watu watatu kwa maelekezo yanayopingana: mmoja alinukuu wiki (tovuti ambayo wanachama wenyewe huihariri), mwingine hati tunayoandika pamoja mtandaoni, na wa tatu ujumbe wa zamani wa kundi hilohilo. Waliokwisha kupita njia hii watueleze walichagua chombo gani, na kwa nini.

Mkazi wa Kibokoni
Swali lako limenikumbusha wiki yetu iliyozimika. Mwongozo wote ulikuwa kwenye seva iliyokodiwa na mwenzetu mmoja kwa jina lake na kadi yake ya benki. Alipohamia ng'ambo kikazi, ada haikulipwa, na barua za onyo zikawa zinaingia katika anwani isiyofunguliwa na yeyote. Wiki ilitoweka siku moja kabla ya mafunzo ya walimu hapa Mji wa Kale, na walimu wa Kwale walikuwa wameshavuka feri na kufikia kwa jamaa zao. Usiku ule tulikesha tukichota ukurasa mmoja mmoja kutoka Wayback Machine, ambako Internet Archive huhifadhi nakala za tovuti. Maandishi mengi tuliyapata, lakini picha za hatua za usakinishaji karibu zote hazikuwamo, na historia ya nani aliandika nini, na kwa sababu gani, ilipotea kabisa. Tulikuwa tumejadiliana kwa muda mrefu namna ya kupanga majina ya waandishi wa Kiswahili na wa Kiarabu, na mjadala ule haupatikani popote pengine. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Tangu hapo tunaandika kwa Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama nyepesi za mpangilio, ndani ya Git, chombo kinachotunza kila badiliko la mafaili, pamoja na msimbo wenyewe wa programu, kwa kuwa kila aliyenakili hazina yetu huwa na historia yote.

Mwanachama wa Likoni
Hayo ya seva kuwa kwa jina la mtu mmoja yametufika na sisi, vilevile ulivyoeleza.

Fundi wa Changamwe
Poleni sana, lakini lawama si ya wiki. MediaWiki, inayoendesha Wikipedia na wiki ya OpenStreetMap, huhifadhi kila toleo la kila ukurasa, na ina njia ya kutoa kurasa zote pamoja na historia yake katika faili la XML. Mngelitoa faili hilo mara kwa mara na kuliweka kwingine, msingelikesha. Kwetu, mwalimu akiona kosa hulisahihisha papo hapo. Ukimtaka kwanza ajifunze matawi ya Git (njia za kazi zinazokwenda sambamba kabla ya kuunganishwa), utamkosa.

Mkazi wa Kibokoni
Kaka, faili hilo kwa kawaida halibebi picha, na picha ndizo zilizotutesa. Isitoshe, faili la Markdown huhaririwa katika kivinjari, kwenye GitHub au GitLab, tovuti zinazohifadhi miradi ya Git, bila kuandika amri hata moja.

Fundi wa Changamwe
Folda ya picha hunakiliwa kando, ni kazi ndogo. Na huko kwenye kivinjari mwalimu hana budi kufungua akaunti, kisha asubiri mtu aidhinishe. Nimeona masahihisho mazuri yakikaa miezi bila kutazamwa hadi mwenyewe akakata tamaa. Nasimama na wiki.

Mfasiri wa Nyali
Mnabishana juu ya kuandika, na hakuna aliyetaja kufasiri. Sisi tulichagua Sphinx, programu ya kutengenezea nyaraka iliyotolewa mwaka 2008 kwa ajili ya nyaraka za lugha ya Python, kwa sababu huyagawa maandishi katika mafungu na kuyaweka kwenye mafaili ya tafsiri ya gettext, na mfasiri akayashughulikia ndani ya Weblate, chombo cha kufasiria mtandaoni, bila kugusa msimbo. Hutoa pia EPUB (kitabu cha kielektroniki) na PDF, ambazo shule zisizo na intaneti tunazipelekea kwa flashi.

Mwalimu wa Majengo
Chombo kije mwisho. Anzeni kwa kutenganisha aina za maandishi, kama Daniele Procida anavyoelekeza katika Diátaxis, mfumo wake wa kupanga nyaraka: somo la anayejifunza, maelekezo ya mwenye kazi mahususi, marejeo, na ufafanuzi. Yule kijana alihitaji maelekezo tu.

Mwanachama wa Bamburi
Sikubaliani, mwalimu. Mkianza kwa kupanga, mtapanga mwaka mzima. Sakinisheni MkDocs, inayogeuza mafaili ya Markdown kuwa tovuti, leo hii, hamishieni ukurasa wa usakinishaji peke yake, na mpeni mtu mmoja jukumu la kufuta uliopitwa na wakati.

Mwanachama wa Likoni
Mtu mmoja tena? Wawe wawili, na funguo wazishike wote wawili.

Mwanzisha mada, Tudor
Dada wa Nyali, fungu la Kiingereza likibadilika baada ya kufasiriwa, msomaji wa Kiswahili huona nini?

Mfasiri wa Nyali
Mafaili yakisasishwa, fungu lililobadilika kidogo huwekewa alama ya shaka, na Sphinx kwa kawaida haitumii tafsiri yenye alama hiyo. Msomaji huona Kiingereza kipya mahali hapo mpaka mfasiri aipitie. Ukurasa huwa na lugha mbili kwa muda, na walimu hulalamika, lakini hawapewi amri iliyokwisha kuondolewa.