Naomba ushauri: afisa wa benki kusema matumizi ya mteja kaunta

Wakuu, naomba ushauri. Mfanyabiashara wa viazi hapa Mbeya akitoa fedha nyingi msimu wa mzigo, benki kumuuliza ni za nini si kosa. Sheria ya kuzuia utakasishaji fedha (kusafisha fedha haramu) ya 2006 inawataka wawe macho. Kinachouma ni afisa kufungua taarifa ya akaunti na kusema kaunta, foleni nzima ikisikia, "naona baa zinakumaliza." Hiyo si kazi yake kabisa! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa zitumike kwa lengo zilizokusanyiwa. Barua ya malalamiko inaanzia kwa meneja wa tawi, ikitaja tarehe, saa na maneno yaliyosemwa, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, taasisi ipi inashughulikia haraka: Benki Kuu au Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi?