Mashua ya mfereji kwa siku moja: Hatton, Tardebigge au Llangollen?

NesiMstaafu: Wadau mlioko Uingereza, hamjambo? Mimi na mzee wangu tumestaafu hapa Birmingham, yeye dereva wa basi, mimi nesi wa zamu za usiku. Tunataka kukodi ile mashua nyembamba siku moja. Yeye anataka loki nyingi (vile vyumba vya maji vyenye malango vinavyopandisha na kushusha mashua), mimi nina goti bovu. Kijana wetu atakuwepo. Twende wapi?

Omo_na_Tezi: Shikamoo mama. Tardebigge sahauni. Loki 30 zimefuatana kama ngazi, mnapanda mita 67. Hata mkiwa wepesi ni masaa manne, halafu mrudi! Hiyo ya wenye wiki nzima. Na ulizeni mapema, maana wakodishaji wengi wa siku moja hawaruhusu loki kabisa.

Mzee_wa_Coventry: Mimi ni mtu wa Hatton. Loki 21, mita 45 hivi, na ni pana: zinaingia mashua mbili ubavu kwa ubavu. Mkikutana na wengine, kazi mnagawana. Ila malango ni mazito. Usisukume kwa mikono. Geuka, egemeza makalio kwenye boriti ya lango, tembea kinyumenyume. Likigoma usigombane nalo, maji ya pande mbili hayajalingana. Yakilingana hata mtoto analifungua.

Jambo moja msilifanyie mzaha. Mnaposhuka ndani ya loki, chini ya lango la juu kuna kizingiti cha mawe. Tezi (nyuma ya mashua) ikikwama juu yake huku maji yanapungua, omo (mbele ya mashua) inazama, na ni suala la dakika chache tu. Ukutani kuna alama nyeupe; tezi ikae mbele yake.

PolePole: Kwa goti hilo, Chirk hadi Llangollen, kule Wales. Hamna loki hata moja! Mtapita Pontcysyllte, daraja la mwaka 1805 lililobeba mfereji juu ya mto Dee, mita 38 kwenda chini. Upande wa njia ya miguu kuna reli ya kushikilia. Upande wa pili hakuna kitu, ukichungulia ni hewa tupu. Mke wangu alishika chai mkono mmoja, shati langu mkono wa pili. Mwendo wenyewe hauzidi maili 4 kwa saa, bata walitupita.

Omo_na_Tezi: Na dereva wa basi ajiandae: ukisukuma kana (mpini wa usukani) kushoto, omo inakwenda kulia. Breki hakuna.

PolePole: Halafu mwenye kana anasimama kutwa. Goti je?

NesiMstaafu: Kusimama nimezoea wodini miaka yote, kinachoniua ni kupanda na kushuka. Nimemsomea mzee yote haya. Kwenye lile daraja lisilo reli upande mmoja alinyamaza, kisha akasema Hatton ni karibu zaidi. Basi yeye na kijana watasukuma malango, kana naishika mimi. Kesho napiga simu kuuliza kama loki wanaruhusu.